Nyuzi 8, 15, 24 au 31: Maji Yapi Yanakufaa Kuogelea Nje ya Bwawa?

Aliyejifunza kuogelea Kigamboni akahamia Leeds, na aliyezoea ufuo wa Nyali akapata kazi Abu Dhabi, wote huuliza swali moja: maji ya huku yanaogeleka? Mara nyingi hupewa nusu jibu, kwamba ya baridi ni hatari na ya vuguvugu hayana neno. Baridi inaua kweli, ila inaua mapema, pengine kabla mtu hajafika mita hamsini. Joto nalo linaua, lakini lina subira: hungoja saa ya pili, mwogeleaji akiwa amekwisha kujiona yuko nyumbani. Anayechagua maji anachagua pia wakati wa hatari yake, na maandalizi ya wakati mmoja hayamfai wa mwingine.

Tumeyagawa maji mafungu manne kwa nyuzi za Selsiasi: chini ya 10, 10 hadi 17, 18 hadi 27, na 28 kwenda juu. Mipaka hii ni ya kurahisisha mazungumzo tu. Mtoto, mtu mwembamba na mtu aliyekaa bila kula hupoa upesi kuliko mtu mzima mwenye mwili, kwa hiyo wao wajihesabu kana kwamba maji ni baridi zaidi ya yanavyosomeka.

## Tunalinganisha nini

Kila fungu tumelipima kwa mambo matano. La kwanza ni dakika za mwanzo: ngozi inaposhtuka, mapafu na moyo hufanya nini. La pili ni mikono na miguu, yaani nguvu ya kuvuta maji inadumu muda gani. La tatu ni joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 37, linaelekea wapi kadiri unavyokaa. La nne ni baada ya kutoka, maana wapo wanaoanguka wakiwa tayari mchangani. La tano ni mahali penyewe, kwa kuwa kila maji yana viumbe na mikondo yake. Kisha tunasema linamfaa nani.

Kuna vipimo viwili vya kukusaidia kulinganisha. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28, na huo ndio ulimwengu ambao mwili wa mwogeleaji wa bwawani unaujua. Nalo shirikisho la kimataifa la kuogelea, World Aquatics, haliruhusu mashindano ya baharini na ziwani maji yakiwa chini ya nyuzi 16 wala yakizidi 31. Chini ya 18 suti ya neopreni, yaani ya mpira laini unaotunza joto, ni lazima, na kati ya 18 na 20 ni hiari. Mipaka hiyo imewekewa wanariadha wanaofuatwa na mashua zenye waokoaji. Asiye na mashua ajipunguzie pande zote mbili.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Kipimajoto cha maji ya kuogeshea mtoto kinatosha. Kifunge kwenye kamba ya mita moja na nusu pamoja na kijiwe, kizamishe sentimita 40 (ndicho kina kinachopimwa kwenye mashindano), ngoja dakika tatu, usome mara tu kinapotoka. Halafu pima tena mita moja chini. Kwenye maziwa ya Ulaya mwezi Mei, tabaka la juu lililopigwa na jua hudanganya: kifua kinaelea kwenye 15 huku miguu ikining'inia kwenye 10. Ziwa Ontario, kando ya Toronto, lina kisa chake. Upepo ukiyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, ya chini hupanda kujaza nafasi, na yaliyokuwa 20 juzi huweza kuwa chini ya 10 leo, katikati ya kiangazi. Ndiyo maana kipimo cha jana hakitoshi.

## Chini ya nyuzi 10

Haya ni maji ya Uingereza, Skandinavia na Kanada wakati wa baridi. Pale Serpentine, ziwa dogo la Hyde Park jijini London, wapo wanaoshindana humo asubuhi ya Krismasi kila mwaka, na ukiwatazama utadhani ni jambo jepesi. Wamelifanyia mazoezi tangu Septemba.

Dakika za mwanzo. Kwenye fungu hili kifo cha ghafla kiko hapa. Ngozi ikipoa kwa kasi, mtu huvuta pumzi moja kubwa bila kutaka, lita mbili hadi tatu za hewa, kisha anahema mbio asiweze kujizuia. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati wa pumzi ile, kinachoingia ni maji. Anayebana pumzi dakika nzima akiwa nchi kavu huenda hapa asifikishe sekunde kumi. Mshtuko hufika kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na kutulia kati ya dakika ya kwanza na ya tatu. Wakati huohuo mishipa ya ngozi inajibana, presha inapanda na moyo unakwenda mbio. Ukitumbukiza na uso huku umebana pumzi, moyo unapokea amri mbili zinazopingana: ngozi yenye baridi inauhimiza, uso uliozama unauzuia. Hapo mapigo yanaweza kwenda kombo, hata kwa kijana asiye na historia ya maradhi.

Kwa sababu hiyo kuruka kichwa chini tunakukataza kabisa. Ingia kwa miguu, simama maji yakiwa kiunoni, jimwagie mikono, shingo na uso kwa kiganja, toa pumzi polepole kama unapoza chai, na usianze kuogelea mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Mwili hufundishika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth wakiongozwa na Profesa Mike Tipton walionyesha kuwa kuingia kwenye maji baridi mara tano au sita tu, dakika tatu kila mara, hupunguza mshtuko huu karibu nusu. Nafuu hiyo ni ya pumzi na moyo. Kasi ya mwili kupoa inabaki palepale.

Mikono na miguu. Damu inakimbilia ndani na kuviacha viungo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyafupisha mambo kwa namba ambazo waokoaji hufundisha: 1-10-1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono yenye manufaa, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kosa la wengi ni kuhesabu ile saa ya mwisho na kuzisahau zile dakika kumi. Jaribio ni hili: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Visipokutana, au vidole vikianza kuachana kama meno ya reki, umekwisha kuchelewa kidogo, geuka ufukweni. Zipu, filimbi na kamba ya boya havitakutii tena. Glavu na soksi za neopreni za milimita 3 hadi 5 huongeza dakika, na kofia ya neopreni huongeza nyingine.

Joto la ndani. Maji huchukua joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Joto la ndani likishuka chini ya 35 ndipo tunasema haipothemia, na kwa mtu mzima jambo hilo huchukua kama nusu saa au zaidi, tofauti na watu wanavyodhani. Vikundini huzunguka kanuni ya "dakika moja kwa kila nyuzi": maji ya 8, dakika 8. Kanuni hiyo haina utafiti nyuma yake. Kwa mgeni wa baridi dakika mbili ni nyingi vya kutosha siku ya kwanza.

Baada ya kutoka. Joto la ndani huendelea kushuka kwa dakika 10 hadi 30 ukiwa umesimama nchi kavu, kwa hiyo mtu anatoka anacheka na dakika ya kumi na tano hawezi kushika kikombe. Panga nguo kabla ya kuingia, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu ya rundo. Ukitoka vua vilivyolowa, jikaushe kwa kupangusa, vaa kuanzia juu: fulana, sweta, koti, kofia ya sufu, ndipo suruali na soksi. Chai tamu kutoka kwenye themosi inasaidia. Bafu la maji ya moto lingoje, kwa sababu linafungua mishipa ya ngozi kwa ghafla, presha inaanguka na mtu anazimia bafuni peke yake. Usishike usukani kabla kutetemeka hakujaisha. Pombe isikaribie, wala kabla wala baada.

Mtu aliyeacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, anayepayuka, anayesinzia au kujikwaa, huyo ni wa dharura. Alazwe, afunikwe, asitembezwe wala kusuguliwa mikono na miguu, na ambulensi iitwe.

Mahali. Viumbe wa hatari ni wachache. Cha kuogopa ni barafu, utelezi wa ngazi, na jua linalozama mapema.

Linamfaa mtu mzima mwenye moyo mzima, aliyeanza tangu maji yakiwa 16 na kushuka nayo wiki kwa wiki, na mwenye mwenzake ufukweni. Halimfai mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo, pumu inayochochewa na baridi, mjamzito ambaye hajaongea na daktari, au mtu aliyeshuka uwanja wa ndege mwezi uliopita.

## Nyuzi 10 hadi 17

Fungu hili ndilo lenye hila. Taasisi ya Uingereza ya mashua za uokoaji, RNLI, huyahesabu maji ya chini ya 15 kuwa ni ya baridi, na wastani wa bahari ya Uingereza na Ireland ni kama nyuzi 12 mwaka mzima. Siku ya Mei hewa ni 26, watu wako nusu uchi kwenye nyasi, mto unang'aa, na maji ni 12. Kijana aliyekulia Ziwa Victoria anaruka kutoka darajani kama alivyozoea.

Dakika za mwanzo. Nguvu ya mshtuko wa baridi hufika karibu na upeo wake kati ya nyuzi 10 na 15. Maana yake ni kwamba maji ya 12 yanaweza kukukaba pumzi karibu sawasawa na ya 5, huku yakionekana ya kirafiki. Utaratibu wa kuingia ni uleule wa fungu lililotangulia. Aliyeanguka ghafla afanye wanavyofundisha RNLI: apinge hamu ya kupiga maji, alale chali, masikio ndani ya maji, uso juu, mikono na miguu ikipepea taratibu, mpaka pumzi irudi. Ndipo aite au aogelee.

Mikono na miguu. Kwa asiye na suti, mkono huanza kufupika baada ya dakika 20 hadi 40. Hesabu mivuto yako. Ukiona unavuta mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na miguu inazama ukawa kama unapanda ngazi, misuli imepoa. Suti ya neopreni ya milimita 3 hadi 5 hubadilisha mambo sana hapa, kwa joto na kwa kuelea. Ijaribu kwanza kwenye maji ya kina kifupi: shingo ikibana sana hukera pumzi, na kiuno kikiwa kipana maji baridi yanaingia na kutoka kama bomba.

Joto la ndani. Wavukaji wa Mlango-Bahari wa Uingereza, kilomita 33 hivi kutoka Dover hadi Ufaransa, huogelea kwenye nyuzi 15 hadi 18 bila neopreni, na kabla ya kukubaliwa lazima wawe wamekaa saa sita kwenye maji yasiyozidi 16. Kwa hiyo inawezekana. Inahitaji mafuta ya mwilini, chakula cha kila nusu saa, miezi ya mazoezi na mashua pembeni. Bila hayo manne, haipothemia hapa huja kwa unyemelezi, na dalili yake ya kwanza ni uamuzi mbovu: mtu anayesema "niko sawa, nizunguke mara moja zaidi".

Tatizo jingine wengi hawalijui, nalo hutokea zaidi kwenye maji ya baridi na suti za kubana: maji ya damu kuvuja kwenda mapafuni wakati wa kuogelea. Dalili ni kikohozi kisichoisha, pumzi fupi isiyolingana na kasi yako, sauti ya mapovu kifuani, wakati mwingine makohozi ya rangi ya waridi. Kuanza kwa kasi bila kupasha misuli na kuwa na presha huchangia. Inua mkono uombe msaada, toka, kaa wima, usilale. Usirudi majini siku hiyo, na daktari akuone kabla ya siku nyingine.

Baada ya kutoka. Kama chini ya 10, ila kwa kuwa umekaa muda mrefu zaidi, mshuko wa joto unaweza kuwa mkubwa zaidi. Upepo ndio adui; tafuta ukuta wa kujikinga.

Mahali. Mito yenye mikondo chini ya madaraja, machimbo ya mawe yaliyojaa maji (kina kirefu, baridi, kingo zisizopandika), na bahari inayopwa kwa kasi.

Linamfaa mwogeleaji mwenye nafasi ya kujifunza polepole, mwenye suti inayomkaa, na anayetaka mazoezi ya nusu saa hadi saa moja. Kwa anayeanza maisha Ulaya, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuanzia.

## Nyuzi 18 hadi 27

Tuko nyumbani. Ziwa Victoria na Tanganyika huzunguka kwenye 24 hadi 27, na bahari ya Zanzibar na Mombasa wakati wa kusi, Julai na Agosti, hushuka hadi 25 hivi. Wavuvi husema maji ni baridi. Bwawa la mashindano lina joto lilelile.

Dakika za mwanzo. Kuanzia 20 kwenda juu mshtuko ni mdogo. Kati ya 18 na 20, mtu wa pwani bado atahema, kwa hiyo aingie kwa miguu.

Mikono na miguu. Kinachoisha hapa ni mazoezi yako. Umbali unaouweza bwawani ugawe kwa mbili: hakuna ukuta wa kushika, hakuna mstari wa chini wa kufuata, na wimbi linakupotosha. Inua macho kila mivuto kumi na utazame alama moja ya juu nchi kavu, mnazi au mnara wa simu.

Joto la ndani. Maji yasiyompoza mtu aliyetulia ni ya nyuzi 33 hadi 35. Yote yaliyo chini ya hapo yanakupoza usipojitumikisha sana, taratibu. Mtoto anayecheza saa mbili kwenye 24 hutoka midomo ya buluu. Aliyepinduliwa na mtumbwi usiku kwenye Ziwa Victoria naye anaweza kufikia haipothemia kabla ya mapambazuko, jambo ambalo wasafiri wa ziwa hawalifikirii: walio pamoja washikane, wakunje magoti kifuani, wasiuache mtumbwi.

Baada ya kutoka. Kikoi kikavu na uji vinatosha.

Mahali. Ndipo uzito wote wa fungu hili ulipo, na ndipo sifa ya "maji salama" inapovunjika. Kwenye Ziwa Victoria kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na huwa wengi zaidi karibu na adhuhuri, kwenye kina kifupi chenye majani. Kujipangusa haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Anayeogelea huko mara kwa mara apime, na dawa ya prazikwanteli huliwa wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, kwa kuwa huua minyoo waliokomaa; ikimezwa kesho yake haifanyi kazi iliyokusudiwa. Mamba na kiboko waulize wavuvi wa hapohapo, tena kwa swali mahususi: "mwezi huu mmemwona wapi?" Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, kama yanavyokuwa mara nyingine Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, yaache, mwani huo hutoa sumu.

Ziwa Kivu lina jambo lake la peke yake. Karibu na Goma na Gisenyi, hewa ya kaboni dioksaidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito, hutuama mabondeni na kwenye vijighuba visivyo na upepo. Wenyeji huiita mazuku. Haionekani, na waogeleaji wamefia humo wakiwa hawana tatizo lolote na maji. Mahali wenyeji wasipooga asubuhi, usiwe wa kwanza.

Baharini soma maji kabla ya kusoma kipimajoto. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa pwani yetu hufika kama mita nne, na maji yote hayo ya ndani ya mwamba hutoka kupitia milango michache. Aliye karibu na mlango maji yakipwa huvutwa nje. Ingia saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, utoke yakianza kurudi. Ukivutwa, usishindane na mkondo. Kata pembeni, sambamba na ufuo, hadi ulegee. Boya la kuvuta la rangi ya machungwa ni lazima kwenye njia za mashua za injini.

Linamfaa anayeanza, mtoto anayesimamiwa, na anayefanya masafa marefu, mradi mahali pawe pamejulikana.

## Nyuzi 28 na zaidi

Bahari ya Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili, hufika 29 hadi 30. Ghuba ya Uajemi, Dubai na Abu Dhabi, hupita 33 mwezi Agosti. Hata kwetu, kina kifupi ndani ya mwamba mchana wa maji kupwa huwa cha moto kuliko bahari ya nje.

Dakika za mwanzo. Hakuna mshtuko, na hiyo ndiyo shida: hakuna kengele.

Mikono na miguu. Nguvu zipo mpaka ghafla hazipo. Kasi hushuka, mvuto unakuwa mzito, mtu anaanza kwenda zigizaga.

Joto la ndani. Misuli inayofanya kazi hutengeneza joto, na majini jasho haliwezi kukauka likakupoza. Maji yakizidi 30 na wewe unavuta kwa nguvu, joto linaingia kuliko linavyotoka. Unatoka jasho bila kulihisi na kiu haiji kwa wakati. Tarehe 23 Oktoba 2010, Mmarekani Fran Crippen, mwogeleaji wa kiwango cha dunia mwenye miaka 26, alifariki kwenye mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah, maji yakiwa yanakaribia au kuzidi 30. Waliogundua kwamba hajafika ni wenzake waliokwisha kumaliza. Wakati huo shirikisho halikuwa na kikomo cha juu cha joto. 31 iliwekwa baadaye. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mbio za kilomita 10 zilianza saa 12 na nusu asubuhi kwa ajili ya joto.

Kunywa mililita 150 hadi 250 kila dakika 15 au 20, maji yenye chumvichumvi za ORS ukizidi saa moja. Kofia ya silikoni ivue, kichwa ni mlango wa joto. Kama unahitaji kuonekana, boya linatosha. Suti ya neopreni iache nyumbani. Nguo ya kufunika mwili mzima ya kitambaa chepesi kinachobana ngozi haina tatizo na huzuia jua na konyeza. Lenye shida ni khanga lililofungwa kiunoni, ambalo huzunguka miguu. Punguza kasi kuliko ya bwawani, na masafa yagawe vipande vya dakika 20 karibu na ufuo.

Baada ya kutoka. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu: kivuli, maji ya kunywa, upepo. Akichanganyikiwa au kuanguka, hiyo ni kiharusi cha joto. Mmwagie maji baridi mwili mzima bila kusita, mpepee, weka barafu shingoni na kwapani, ita ambulensi. Kumpoza kuanze kabla ambulensi haijafika.

Mahali. Konyeza, wengine huwaita yavuyavu, huongezeka msimu wa joto. Aliyechomwa aoshwe kwa maji ya bahari badala ya ya bomba, minyiri itolewe kwa kibano, kisha sehemu hiyo ikae kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 20.

Linamfaa anayetaka kuelea, kujifunza, kuogelea fupi alfajiri. Halimfai anayefukuza muda, wala mwenye kutumia dawa za kupunguza maji mwilini ambaye hajamuuliza daktari.

## Uchague kwa hali yako

Kama hujawahi kutoka nje ya bwawa, anzia 22 hadi 27, kina cha kusimama, ukienda sambamba na ufuo. Uko Uingereza? Subiri Julai, tafuta ziwa lenye waokoaji. Ukiwa Mwanza, hali yako ni hiyohiyo kwa upande wa joto, lakini kichocho na mamba vinakulazimu kuchagua mahali kabla ya siku.

Kama una presha au moyo, fungu la tatu ndilo lenye nafasi kubwa ya kosa. Mafungu mawili ya kwanza yanahitaji ruhusa ya daktari anayejua unachotaka kufanya; mwambie nyuzi na dakika, usimwambie tu "kuogelea".

Kama unajiandaa kwa masafa ya kilomita 5 au zaidi, maji ya 20 hadi 25 hukupa mazoezi marefu bila kupoa wala kuungua. Mashindano yako yakiwa ya baridi, ongeza vipindi vifupi vya baridi wiki sita kabla. Yakiwa ya joto, mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kufanya kazi kwenye joto ili kulizoea, kwa hiyo anayetoka Oslo kwenda kushindana Zanzibar mwezi Machi asishuke kwenye ndege Ijumaa akaogelee Jumapili.

Kama unakwenda na watoto, hesabu mtoto mmoja kwa jicho moja la mtu mzima, na mtazame midomo badala ya kumuuliza. Atasema hasikii baridi mpaka meno yagongane.

Kama unaishi Ghuba, kalenda yako ni kinyume cha ya Ulaya: Desemba hadi Machi, maji yakiwa kama 20 hadi 24, ndio msimu wako wa masafa. Agosti baki na bwawa lililopozwa.

Na kama leo uko peke yako, bila mtu ufukweni anayejua umeingia saa ngapi na utatoka saa ngapi, basi mafungu yote manne yanarudi kuwa moja: maji ya kifuani, dakika chache, boya kiunoni.